Mwaka wa Kwanza: Nairobi, Makerere, Mlimani

Nairobi. Chuo Kikuu kimekaa katikati ya jiji. Ukivuka barabara moja tu umeingia kwenye kelele za matatu na maduka. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, humtoa kijana kidato cha nne na kumleta moja kwa moja chuoni, kwa hiyo wengi niliowakuta mwaka wa kwanza ni wa miaka 18 au 19, jana tu walikuwa bweni la sekondari wakiamshwa kwa kengele. Hapa hawaamshwi na mtu. Shahada zao nyingi ni za miaka minne, na huo mwaka mmoja zaidi ya kwetu Tanzania unawapa nafasi ya kujikwaa na kuinuka.

Nilichokipenda Nairobi ni ujasiri wao mbele ya mwalimu. Kipindi kiliisha, na kabla mhadhiri hajafika mlangoni vijana kama sita walikwisha kumzunguka, daftari mkononi. Mmoja alimwambia waziwazi, "Mwalimu, hapo kwa mfano wa pili ulinipoteza." Mhadhiri akarudi ubaoni. Mtanzania wa mwaka wa kwanza angesubiri sana kabla ya kusema hivyo. Tumelelewa kuona kwamba kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu, na tabia hiyo inatugharimu alama.

Makerere, Kampala. Chuo kilianza 1922, na ukongwe wake unauona kwenye mabweni: Lumumba, Mary Stuart, Livingstone, Mitchell, Nsibirwa. Kila mwanafunzi huandikwa kwenye bweni fulani, hata yule anayepanga chumba nje, mtaa wa Kikoni. Nilidhani ni mambo ya nyimbo na ushabiki tu, hadi nilipomsikiliza dada wa mwaka wa tatu akimweleza mgeni wake jinsi mambo yanavyokwenda: ipi ni ofisi ya kusajili masomo, mitihani ya zamani inapatikana wapi, na kwa nini somo ulilofeli halikuachi. Alama ya kufaulu ni 50. Ukishindwa, unalirudia somo linapofundishwa tena, na huku masomo mapya yanakusubiri. "Usiruhusu deni la mwaka wa kwanza likufuate hadi wa tatu," alimwambia. Maneno hayo yangetoka kwa mkuu wa kitivo siku ya kuwapokea wageni, yangesahaulika jioni ileile. Yametoka kwa mtu anayelala chumba cha jirani.

Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na hapa ndipo nilipoona kazi yenyewe ikifanyika. Chini ya miti kuna vimbweta, meza za zege na viti vyake, na ikifika jioni ni shida kupata nafasi. Kwenye kimoja walikuwa watano, wote wa mwaka wa kwanza. Mchana walikuwa wamesikiliza mhadhara wa uchumi kwa Kiingereza katika ukumbi uliojaa mpaka kwenye ngazi. Sasa kijana mmoja alikuwa amesimama, anauelezea upya kwa Kiswahili.

"Subiri kwanza," binti mmoja akamkatiza. "Bei ikipanda, kwa nini mstari wa mahitaji wenyewe usihame?"

Kijana akachora kwa chaki juu ya zege, akafuta, akachora tena. Kimya. Aliyejibu ni yule ambaye hakuwa amesema neno tangu nifike: "Bei inakutembeza juu ya mstari uleule. Kipato chako kikibadilika ndipo mstari unaposogea."

"Haya, sasa sema kwa Kiingereza," binti akamwambia, "maana UE haiji kwa Kiswahili."

Akasema, akakwama kwenye neno moja, wenzake wakamsaidia, akarudia toka mwanzo mpaka sentensi ikasimama. Sijaona stadi inayomfaa mwanafunzi wetu kuliko hii. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha sekondari ikambadilishia lugha ghafla. Wengi hufika chuoni wakiwa hodari wa kukariri Kiingereza wasichokielewa. Kulielewa jambo kwa lugha yako, kisha kulirudisha kwenye lugha ya mtihani, ni kazi ya kila siku. Mwenye kuianza wiki ya mwisho amechelewa.

Na hesabu zinamkataa. Hapa kazi za muhula zina alama 40, mtihani wa mwisho, ndiyo UE, 60, na alama ya kufaulu ni 40. Aliyechelewa ameshazikosa zile za muhula. Lakini 40 ya kufaulu huonekana ndogo, ndiyo maana wapo wanaolegea: bumu, yaani fedha za mkopo, likiingia wanakula vizuri wiki mbili, jaribio la kwanza linawapita, halafu wanapanga foleni stesheneri kutoa kopi za desa, yaani notsi za wengine, la mwaka juzi. Wengine huvuka kwa sapu, mtihani wa marudio; wengine hudisko, wakaondolewa chuoni. Wale watano hawakuwa na desa mezani. Walikuwa na jaribio Ijumaa, na walikwisha kukubaliana kwamba jioni iliyofuata atakayesimama kueleza ni yule binti.