Besi iko mlangoni, wadau

Test zimeisha, nikashuka Kariakoo na bro kumtafutia spika za milango ya Corolla. Hela ya pea moja tu, akiba yake ya miezi mitatu. Muuzaji anang'ang'ania za "wati 1000". Jamani, wati za kwenye boksi ni za kuuzia! Tulitaka ya inchi 6 na nusu inayopiga vizuri kati ya hezi 80 na 300 hivi, pale kiki ya ngoma na gitaa la besi la Msondo vinapokugonga kifuani. Chini ya hapo ni kazi ya sabufa kwenye buti.

Ila mlango wenyewe ndio boksi la spika. Bati la ndani lina matundu makubwa. Sauti ya nyuma ya spika inapita humo, inakutana na ya mbele, zinafutana. Besi kwisha, hata kwa spika ya laki tatu. Tukachukua za bei ya kati, iliyobaki tukanunua mkeka wa lami wa kubandika (vitundu vya maji kule chini usizibe, mlango utaoza) na ringi za mbao za kukazia spika. Bro alibisha mpaka fundi alipowasha redio. Mlango wa kushoto bado unatetemeka, Jumamosi tunarudi.