Siku Mbili kwa Wapiga Makasia wa Idjwi

Wewe unayekaa Rubaya au Walikale, ukishuka Goma utaliona Ziwa Kivu. Usiishie ukingoni! Njia ya ziwa ikiwa wazi, panda boti mpaka kisiwa cha Idjwi, ulale siku mbili.

Ndani ya boti usikae kimya. Salimia mama mwenye mananasi na papa mwenye kahawa. Mbele ya kufika utakuwa tayari na wenyeji.

Jioni teremka kwenye maji. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wanapiga makasia wakiimba. Wimbo si wa furaha tu: ndio unaoingiza makasia yote majini mara moja. Wanafuata sambaza, samaki mdogo aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Usiku taa zao zinamvuta juu. Lakini mbalamwezi ikiwaka sana, taa haina nguvu. Siku hizo utawakuta wavuvi nyumbani, na maongezi hayaishi. Nunua sambaza, mle pamoja.

Sasa ninyi vijana, sikieni. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti kutoka Minova, iliyojaa kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku, hapa Goma. Watu wengi walikufa. Rafiki akikuvuta, “Twende tu, tutabanana!”, mwambie hapana. Omba jile ya kuokoa maisha, ao subiri boti ingine. Mpiga kasia hawaachi wenzake nyuma. Nawe usikubali safari ambayo wote hawatafika.