Majina Matano Katika Tikiti Moja

Kidole kimoja hakivunji chawa, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhimiza kazi za pamoja kama vile kulima, kujenga au kuchangia karo. Ni nadra kuisikia ikitajwa kuhusu matembezi, kwa kuwa wengi hudhani kwamba starehe haihitaji mashauriano. Baada ya safari ya siku nne ambayo jamaa yetu ilifanya nchini Ujerumani, kuanzia tarehe 27 hadi 30 Desemba 2024, nimesadiki kwamba kupanga matembezi ya kundi kwa fedha haba ni kazi inayoweza kuwa ngumu kuliko kulima. Shambani kila mtu huliona jasho la mwenzake, ilhali katika masuala ya fedha kila mmoja huficha upungufu wake.

Tulikuwa watu sita. Mama alikuwa ametoka nyumbani Taita kuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Dada yangu ni muuguzi mjini Würzburg, anakoishi na mumewe pamoja na watoto wao wawili, mvulana wa miaka 16 na msichana wa miaka 4. Nami nilikuwa mwanafunzi mjini Bayreuth, katika chuo kikuu ambacho wapenzi wa lugha yetu wanakijua kutokana na kongamano la Kiswahili lililoanzishwa huko mwaka 1987. Ilikuwa imepita miaka sita tangu mama, dada nami tulale chini ya paa moja.

Kabla hata ya safari hiyo kutajwa, fedha zilikuwa zimekwisha kutumika. Ada ya viza ilikuwa yuro 90. Fauka ya hayo, ilibidi mgeni awe na bima ya afya ya kiasi kisichopungua yuro 30,000, na dada akatia saini hati rasmi ya kuiahidi serikali kwamba angebeba gharama zote za mama awapo nchini humo. Mama alipofasiriwa maneno ya hati hiyo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wanangu, msinifanye mimi kuwa sababu ya deni. Majirani walichanga ili ninyi mfike huku. Nitawaambia nini nikirudi? Kwamba tulikuwa tukizunguka na garimoshi tukitazama barafu?"

Hilo halikuwa swali la kupuuzwa. Kwetu sisi tuliosomeshwa kwa michango, kila senti inayotumika kwa starehe ina mwenyewe anayeingojea nyumbani. Dada alijibu kwa upole kwamba amefanya kazi ya zamu siku zote za Krismasi ili apate siku hizo nne za mapumziko, na kwamba mama atakapoondoka hakuna ajuaye lini tutakutana tena sote. Mama alikubali, lakini kwa masharti mawili: tusikope, na hesabu yote ifanywe mbele yake.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Shemeji alipendekeza gharama zigawanywe sawasawa kwa kila mtu mzima. Pendekezo hilo lilionekana la haki, ila haki hiyo ingenielemea mimi mwenye posho ya mwanafunzi. Dada naye alitaka alipe yote, jambo ambalo lingetufanya sisi wengine kuwa wageni wake badala ya ndugu zake. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema kwamba katika harambee za nyumbani majina husomwa pamoja na kiasi, na amewahi kuwaona watu wakiona haya mbele ya umati kwa sababu ya shilingi chache. Akaagiza iletwe bahasha moja, na kila mtu atie humo alichojaliwa pasipo kuonwa. Kilichopatikana ndicho kingekuwa kipimo cha safari. Hata mpwa wangu alitia akiba yake, ambayo sehemu yake aliipata kwa kurudisha dukani chupa za plastiki zinazolipiwa amana ya senti 25 kila moja. Jumla ilipohesabiwa ilikuwa yuro 610.

Mpwa aliuliza kwa nini nyanya yake aliziita fedha hizo hela. Nikamweleza kwamba neno hilo lina asili ya Kijerumani, nalo ni heller, sarafu ndogo iliyoanza kutumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, pale rupia moja ilipogawanywa kuwa heller mia. Kijana alicheka sana kusikia kwamba tulikuwa tumelirudisha neno kwao baada ya miaka mia moja na ushei, na kwamba huko kwao sarafu yenyewe ilikwisha kutoweka.

Jambo la pili kupangwa baada ya hela lilikuwa mwanga. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua kuchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili, na ndiyo maana saa zetu huhesabiwa kuanzia macheo. Katika mji wa Nürnberg, tulioufanya kituo chetu, mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua karibu na saa kumi na robo alasiri. Kwa hiyo siku nzima ina saa nane tu za mwanga, na kila saa inayopotea kituoni ni hasara isiyolipika. Isitoshe, soko mashuhuri la Krismasi la Nürnberg hufungwa tarehe 24 Desemba. Mpwa wangu alihuzunika kwa hilo, lakini tarehe za kabla ya Krismasi zilikuwa za shule kwake na za zamu kwa mama yake.

Tikiti iliyotufaa ni ile ya kundi inayotumika katika jimbo zima la Bayern. Mtu mmoja huweza kuinunua, kisha nyongeza ndogo hutolewa kwa kila mwenzake hadi watimie watano. Haikubaliki katika garimoshi za mwendo wa kasi. Hutumika katika zile za mikoani, na katika siku za kazi huanza saa tatu asubuhi. Kwetu hilo halikuwa tatizo, maana kabla ya saa hiyo palikuwa bado na giza au ukungu. Watoto walio chini ya miaka sita hawalipi. Basi watano tulienea katika karatasi moja, na yule mdogo akasafiri bure mapajani mwa nyanya yake.

Malazi tuliyapata katika hosteli ya vijana iliyo kando ya ngome ya Nürnberg, katika jengo lililojengwa mwaka 1494 na 1495 kuwa ghala la nafaka la mji. Mama alifurahishwa na habari kwamba tungelala ghalani. Hata hivyo, ngome imo juu ya kilima na njia yake ni mwinuko wa mawe, nayo magoti ya mama si ya jana. Ikabidi ratiba ipimwe kwa magoti hayo. Tulikubaliana kwamba tungeshuka mara moja asubuhi na kupanda mara moja jioni, na kati ya hapo tupumzike mahali penye joto pasipodai malipo. Makanisa ya kale yalitufaa sana. Saa sita mchana tulisimama uwanjani mbele ya Frauenkirche kutazama sanamu za wateule saba zikimzunguka mfalme katika saa iliyoundwa mwaka 1509, kisha tukaingia ndani kupumzika.

Siku ya Jumamosi tulikwenda Bamberg. Huko, katika majira ya Krismasi hadi tarehe 6 Januari, makanisa na majumba mengi huonyesha sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, na mtu huweza kuzipitia moja baada ya nyingine kwa miguu. Mpwa aliyelikosa soko alijipa kazi ya kumwongoza nyanya yake kutoka kanisa moja hadi jingine. Kwa kuwa maduka hufungwa Jumapili, tulinunua mikate, jibini na matunda jioni hiyohiyo. Siku ya Jumatatu tulifika Regensburg tukavuka mto Danube juu ya daraja la mawe la karne ya kumi na mbili. Upepo ulikuwa mkali, lakini mama alikuwa amevaa koti zito tulilolinunua katika duka la nguo kuukuu. Alipoambiwa bei yake alisema kwamba sasa ameyaona mitumba kwenye chimbuko lake.

Anayenuia kupanga safari ya namna hii na aanze kwa kuuliza ni nani aliye na kidogo zaidi, ni nani aliye na mwendo wa polepole zaidi, na ni saa ngapi za mwanga zilizopo. Baada ya hapo ndipo afungue kitabu cha nauli. Bajeti inayomsahau mmoja wao huwa nafuu kwenye karatasi tu, kwa kuwa anayesahaulika hulipa kwa aibu au kwa maumivu.

Katika bahasha zilisalia yuro 23. Mama aliamua zitumwe nyumbani kuongezea mabati ya jirani aliyekuwa akiezeka, na hakuna aliyepinga. Yeye mwenyewe aliomba jambo moja tu, apewe tikiti ya Regensburg akaionyeshe nyumbani. Kanuni za tikiti hiyo zinataka jina la kila msafiri liandikwe, na majina yetu matano yalikuwa yameandikwa pale kwa kalamu, moja chini ya jingine, bila kuonyesha nani alitoa kiasi gani.