Aliyefunga Barabara ni Nani?

Magari yanayotoka Essex kwenda Kent kwa barabara ya M25 huvuka mto Thames juu ya Daraja la Queen Elizabeth II, pale Dartford. Oktoba 2022, alfajiri, wanaume wawili wa Just Stop Oil, kundi lililokuwa linadai leseni mpya za mafuta na gesi zisitolewe, Morgan Trowland na Marcus Decker, waliparamia nyaya za daraja hilo, wakajining'iniza huko juu na bango lao, na hawakushuka mpaka jioni ya siku ya pili. Polisi wakalifunga daraja. Foleni ikarudi nyuma maili kwa maili, na sisi tunaolala Thurrock na kubeba boksi ng'ambo ya mto tukajua habari kabla redio haijaitangaza.

Boksi langu mimi ni wazee. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, ambako shifti ya usiku haiondoki mpaka ya mchana ifike, kwa kuwa kuna watu wa kugeuzwa kitandani, wa kuoshwa, wa kupewa dawa kwa saa yake. Na saa usiyofika hailipwi. Ndani ya gari tulilochangia mafuta tulikuwa Mtanzania, Mnigeria, Mfilipino na dereva Mwingereza, na katika mambo ya siasa hatujawahi kukubaliana hata moja. Siku ile tulikubaliana: wafungwe. Dereva aliongeza maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana blogu hii mama yangu anaisoma.

Nyumbani nako hukumu ilikuwa imeshatoka. Siku tatu kabla ya daraja, vijana wawili wa kundi hilohilo walimwaga supu ya nyanya ya kopo kwenye mchoro wa Alizeti wa Van Gogh, katika National Gallery ya London. Mchoro una kioo, haukupata kitu. Fremu ndiyo iliyodhurika. Video ikafika kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, na shangazi yangu wa Chongoleani, Tanga, akajibu kwa sauti: "Hao watoto wameshiba." Angekuwepo mama yao pale, akasema, supu ile wangeilamba ukutani. Ukoo mzima ukacheka, nami nikacheka.

Lakini shangazi huyohuyo hajawahi kuwalaani watu wanaofunga barabara kwetu, na kwetu barabara hufungwa. Msafiri wa mabasi ya mikoani analijua jambo hili. Mtoto wa shule amegongwa na lori, wanakijiji wanapanga magogo na mawe katikati ya lami, wanadai matuta. Au mkandarasi anajenga barabara, hamwagi maji, vumbi linaingia kwenye vyungu na kwenye vifua vya watoto, basi siku moja kina mama wanatoka na matawi ya miti na hapiti mtu. Konda anashuka kuuliza, anarudi na habari. Abiria wanalalamika, wananunua karanga, wanapiga simu kusema watachelewa. Kisha kuna mmoja, kwa kawaida mtu mzima aliyekuwa kimya tangu stendi, anasema: "Wana haki." Mjadala unapoa. Mkuu wa wilaya anafika na ahadi, au askari wanafika na mabomu ya machozi, na matuta huja baadaye, pengine baada ya mtoto wa pili.

Kwa nini huyu anasamehewa na yule wa Dartford anatukanwa? Si kwamba Mwafrika ana subira kuliko Mzungu. Hilo ni porojo. Abiria wa basi anaiona sababu kwa macho. Damu iko barabarani, shule iko upande wa pili, mama wa marehemu kakaa pale chini ya mti. Aliyepanga magogo anaishi hatua chache kutoka hapo, na kesho atakuwepo. Pale Dartford sababu ilikuwa angani, kaboni isiyoonekana, na waliokuwa juu ya nyaya hatukuwajua, hawakutujua.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Ngorongoro, Agosti 2024. Maelfu ya Wamasai waliingia kwenye barabara iendayo Serengeti na kuzuia magari ya watalii kwa siku kadhaa. Walikuwa wamechoshwa na kunyimwa huduma na kuelekezwa kuhamia Msomera kule Handeni, na sasa kata na vijiji vyao vilikuwa vinafutwa, pamoja na vituo vyao vya kujiandikisha kupiga kura. Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha amri ya kuvifuta, na Waziri William Lukuvi akaenda kuzungumza nao. Kwenye mitandao Watanzania waligawanyika: wapo waliosema ng'ombe wanaimaliza hifadhi, wapo waliosema watalii wasiwe bora kuliko wenyeji. Lakini sikumwona aliyeuliza, "Wao inawahusu nini?" Na tazama walichokisimamisha. Hawakumzuia mama anayekwenda kliniki. Walizuia magari ya watalii, yaani pesa yenyewe, na serikali ikasikia upesi.

Kuna kejeli humo ambayo huwawia vigumu rafiki zangu Waingereza kuimeza: Ngorongoro waliofunga barabara walikuwa wanapinga sera iliyotungwa kwa jina la mazingira.

Wakati huohuo tusijisifu kwamba sisi tunajua kumpokea mwanaharakati. Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977, leo barabara ya Nairobi inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1989 alipopinga kusimamishwa kwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, wabunge walitumia muda wa Bunge kumkejeli kuwa mwanamke aliyeachika, na Rais Moi akahoji kwa nini hawaheshimu wanaume akanyamaza kama mila inavyotaka. Jengo halikujengwa. Mwaka 1992, pamoja na kina mama wa wafungwa wa kisiasa, alifunga kula palepale Uhuru Park na polisi wakampiga hadi akazirai. Januari 1999 akaenda Karura na miche ya miti, msitu ulipokuwa unagawiwa wakubwa, na walinzi waliokuwepo wakampasua kichwa. Sifa zilikuja baada ya Nobeli ya 2004, na wengi walioanza kummiminia ni walewale waliomcheka. Maoni ya umma kuhusu mtu msumbufu huchelewa miaka kumi, kumi na tano.

Ila na yeye, hata wakati ule wa kuchukiwa, alikwenda na miche mpaka kwenye uzio wa aliyechukua msitu. Hakusimamisha matatu ya Githurai.

Nikafika hapo katika hoja yangu nikiwa nimeridhika nayo, kisha nikakumbuka Aprili 2022. Kabla ya daraja na kabla ya supu, Just Stop Oil walifunga maghala ya mafuta. Walikwenda Kingsbury kule Warwickshire, na huku kwetu Purfleet na Grays, matangi ninayoyaona kutoka kituo cha basi. Waliingia, wakapanda juu ya malori ya mafuta, wakakamatwa kwa mamia. Huo ndio mlango wa mhusika hasa. Watu wangapi wanaukumbuka? Mahakama zikatoa amri za kuwazuia wasirudi, vyombo vya habari vikahamia mambo mengine, na miezi michache baadaye kopo moja la supu likazunguka dunia nzima mpaka Chongoleani. Sisi umma tuna lawama yetu. Tunawaambia waende kwa mwenye kosa, wakienda hatuwatazami.

Hilo haliwasafishi na yote. Oktoba 2019 watu wa Extinction Rebellion, kundi jingine la mazingira, walipanda juu ya paa la treni ya chini ya ardhi pale Canning Town, asubuhi watu wakienda kazini, katika mtaa wa wafanyakazi wa mashariki mwa London. Treni ya umeme! Abiria walimvuta mmoja wao chini na kumpiga mateke. Wanachama wengi wa kundi hilo wenyewe walikuwa wamepinga mpango huo. Mwezi uleule watu wa kundi hilo walipeleka maua ya shukrani kwenye kituo cha polisi cha Brixton. Kituoni hapo ndipo Sean Rigg, mtu mweusi, alipozidiwa hadi kufa akiwa mikononi mwa polisi mwaka 2008. Unaweza kuwa na sayansi yote upande wako na bado usijue unakaa mji gani.

Ndiyo sababu ukienda kwenye maandamano yao huwaoni watu wetu wengi. Kukamatwa kwa hiari ni silaha ya mwenye pasipoti ya hapa. Decker, yule wa daraja la Dartford, ni raia wa Ujerumani. Alihukumiwa miaka miwili na miezi saba, na baada ya hapo Wizara ya Mambo ya Ndani ikataka kumfukuza nchini. Mgeni akifungwa miezi kumi na miwili au zaidi, sheria ya hapa inaelekeza arudishwe kwao, isipokuwa aangukie kwenye moja ya misamaha michache. Wewe mwenye viza ya kazi, ukijigundisha kwenye lami, unagundisha na ada ya shule ya wadogo zako.

Sasa vifungo vyenyewe. Sheria za 2022 na 2023 ziliwaongezea polisi na mahakama meno. Julai 2024 watu watano wa Just Stop Oil walihukumiwa kwa kupanga kuifunga M25 mwezi Novemba 2022. Roger Hallam alipewa miaka mitano, wenzake wanne miaka minne kila mmoja. Ushahidi mkubwa ulikuwa mkutano wao wa Zoom. Mahakama ya Rufaa ikapunguza adhabu Machi 2025, Hallam akabaki na minne. Waliomwaga supu walipata mmoja miaka miwili, mwingine miezi ishirini. Mimi niliyesema "wafungwe" ndani ya gari lile nasema hizi ni adhabu za kupita kiasi. Hasira ya foleni ni ya siku moja. Mtu aliyepanga kuchelewesha magari hastahili miaka ya jela ambayo hata baadhi ya wajeruhi wa watu hawaipati.

Je, waliambulia kitu? Watafiti waliopima maoni ya Waingereza wakati M25 ilipofungwa Novemba 2022 walikuta kwamba waliozisikia zaidi habari za Just Stop Oil walielekea zaidi kuwaunga mkono Friends of the Earth, wale wapole. Mgomvi akawasogeza kwa ndugu yake mstaarabu. Chama cha Labour kiliingia madarakani Julai 2024 kikiwa kimeahidi kutotoa leseni mpya za kutafuta mafuta na gesi baharini, jambo ambalo ndilo hasa kundi lilikuwa linadai. Machi 2025 Just Stop Oil wakatangaza kwamba wanaacha, wakafanya la mwisho Aprili. Kwamba ni wao walioleta ahadi hiyo sidhani. Kwamba hawakuchangia chochote pia sidhani.

Turudi Chongoleani, maana London na Chongoleani zimeunganishwa kuliko shangazi anavyofikiri. Bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia kijijini kwake. Mwaka 2024, mwishoni mwa Februari, wanaharakati wa hapa waliingia katika ofisi za makampuni ya bima ndani ya City, mtaa wa fedha wa London, wakitaka yasilikatie bima bomba hilo. Nilimpigia shangazi kumweleza. Shikamoo, marahaba, habari za huko, kisha akanyamaza kidogo na kuuliza: "Walikuja lini kutuuliza?" Vijana wake wanasubiri ajira. Jirani yake anailalamikia fidia. Wa tatu, mvuvi, anahofia mafuta yakimwagika baharini. Ni kijiji chenye maoni matatu, na hakuna hata moja lililofika kwenye ofisi ya bima. Jibu langu kwake lilikuwa kwamba mvua zilizoleta maafa Hanang nazo haziulizi mtu. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Ila kuna watu aliopaswa kusikia habari zao, na kundi letu la WhatsApp halijawahi kuwatumia hata emoji. Tangu 2022 wanafunzi wa vyuo Kampala wamekamatwa mara kwa mara kwa kulipinga bomba hili. Wengi wao walikuwa na mabango na barua mkononi, wakielekea kuikabidhi. Hawakumwaga supu. Hawakupanda daraja. Anayesema "hao wazungu wana muda" amtazame na huyu, Mganda wa miaka ishirini, mwana wa mkulima, aliyechukuliwa juujuu na kurushwa ndani ya gari la polisi kwa sababu ya karatasi. Kwetu mwandamanaji haadhibiwi kwa ukubwa wa usumbufu wake. Anaadhibiwa kwa kutokea.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa wanaoniuliza kazini na nyumbani, ni huu. Kufunga maghala ya Purfleet, sawa. Kuingia ofisi ya bima, sawa, ila watafute kwanza namba ya simu ya Chongoleani. Kumsimamisha mlezi wa wazee darajani, hapana. Na jela ya miaka minne kwa mkutano wa Zoom, hapana mara mbili.

Kwa wenzangu mlioko Uingereza, wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali wanaruhusiwa kupiga kura, hata ya ubunge, bila kuwa na pasipoti ya Uingereza. Wengi wetu hatujajiandikisha, halafu tunalalamika garini. Kujiandikisha ni mtandaoni, unahitaji anwani na namba yako ya National Insurance. Hakuhitaji gundi.