Habari za vita zilizofichwa chini ya mchezo wa vita

Tarehe 3 mwezi wa tano 2023, siku ya kimataifa ya uhuru wa vyombo vya habari, gazeti Helsingin Sanomat la kunako Ufini lilitoa habari zake mahali ambapo hakuna mtu anayeenda kutafuta gazeti: ndani ya Counter-Strike, mchezo wa kupigana risasi kwenye kompyuta. Wanacheza makundi mawili, mara nyingi watano kwa watano, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wakiunganishwa na intaneti.

Wasikilizaji wasioujua mchezo huu waelewe kwamba mji wanamopigania huitwa ramani, na si lazima utoke kwa kampuni yenye mchezo. Mchezaji mwenye subira anaweza kutengeneza ramani yake, akaiweka kwenye mtandao, wengine wakaichukua bure. Dust II, ramani maarufu sana, ilitengenezwa mwaka 2001 na kijana Mwingereza, Dave Johnston. Kazi yenyewe si kupamba kuta. Kundi moja linataka kutega bomu katika sehemu moja kati ya mbili, lingine linazuia. Basi mtengenezaji anahesabu sekunde: nani atafika kwanza kwenye kona, wapi mtu anaonekana kutoka mbali, ukuta gani unamficha. Njia moja ikizidi kuwa fupi, upande mmoja utashinda kila mara na watu wataiacha ramani hiyo. Mama aliyekimbia na watoto akitafuta njia isiyoonekana kutoka kilimani anaijua hesabu hiyo, lakini hakujifunza kwa kucheza.

Ramani ya gazeti lile iliitwa de_voyna. Herufi de hutangulia majina ya ramani za kutega na kutegua bomu; voyna, kwa Kirusi, ni vita. Hapo penyewe pana jambo. Viongozi wa Urusi walitaka vita vya Ukraine viitwe operesheni maalum ya kijeshi, na tangu mwezi wa tatu 2022 sheria yao inaweza kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa habari za jeshi ambazo serkali inaziita za uongo.

Kwa juu, de_voyna ni mji wa upande ule wa Ulaya, majengo yamebomolewa. Vijana wanakimbia, wanapigana, wanaanza tena. Chini ya ardhi kuna chumba kilichofichwa. Humo mna picha za kweli na maandiko ya Kirusi, kazi ya wanahabari wa gazeti waliofika Ukraine, kuhusu raia waliouawa Bucha na Irpin.

Kwa nini kupitia huko? Gazeti lilikuwa limefungiwa Urusi, lakini mchezo haukufungwa. Tena wengi wanaoucheza ni vijana wanaume, rika ambalo vita vinalitazama kwanza. Mwezi wa tisa 2022 Urusi ilitangaza kuita watu 300 000 wa akiba jeshini. Kijana kama huyo ana haki ya kujua kinachofanyika huko kabla hajavaa sare.

Wazo hilo lilikuwa na mtangulizi. Mwaka 2020 shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka lilifungua maktaba nzima ndani ya mchezo wa Minecraft, yenye makala zilizokatazwa za Misri, Meksiko, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam. Mtu aliweza kuingia kusoma, au kuichukua ramani yote na kubaki nayo.

Hata hivyo, aliyefiwa anaweza kuuliza: picha za maiti wetu zinafanya nini mahali watu wanapofurahia kuua? Swali ni la haki, na jibu la kwamba nia ilikuwa njema halitoshi. Ila wenye kuijenga de_voyna walitenganisha mambo. Mji wa juu si Bucha wala Irpin. Waliokufa wako chumbani, na huko hakuna bomu la kutega wala la kutegua.