Jiwe Lililo Chini ya Maji

Mji wa Mwanza umekaa kati ya majabali. Mengine ni makubwa kama nyumba, mengine yamepandana jiwe juu ya jiwe, hata mgeni hudhani kwamba yalipangwa na majitu. Walakini hapana mkono ulioyapanga. Jabali hilo, ambalo umri wake umepita miaka bilioni 2, lilipasuka likiwa bado chini ya ardhi. Maji yakapenya katika nyufa, yakazila pembe, vipande vikawa mviringo. Kisha mvua za zama nyingi zikachukua udongo, mawe yakabaki yamekaliana. Kazi hii ya subira iko mbele ya macho ya watu kila siku, na kwa sababu hiyo aghalabu haitazamwi.

Jumapili moja ya mwaka 2021 jamaa ya watu watano ilikwenda kupanda mawe hayo ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Capri Point. Walikuwa baba, mama, binti wa miaka 9, mdogo wake wa kiume wa miaka 6, na bibi yao mzaa baba. Watoto walitangulia, wakitambaa kwa mikono na miguu kama pimbi. Mama alifuata amebeba viatu vya wote. Baba alikuwa nyuma yao, na kila mara aliita, "Msisogelee maji!" Bibi alikaa kivulini juu ya jiwe la kwanza, akalipa ziwa mgongo.

Sababu ya mgongo ule ilijulikana na watu wazima, wala haikutajwa. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilizama ilipokaribia Mwanza, ikaangamiza mamia ya watu. Mwana wa kwanza wa bibi alikuwa miongoni mwao. Wengi walizikwa Igoma, lakini kwa bibi ziwa zima lilikuwa kaburi. Tangu siku ile nyumba yake ilikuwa na sheria moja: asiingie mtu majini. Baba, aliyekuwa na miaka 11 wakati huo, alikua chini ya sheria hiyo, akawa mtu mzima wa ukingoni mwa ziwa asiyejua kuogelea.

Mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa samawati alipita mbio juu ya jiwe. Mvulana akamfuata, akakanyaga palipoota utelezi, akatumbukia. Dada yake akapiga ukelele. Baba alifika ukingoni, akasimama. Miguu yake ilikataa. Ndipo bibi alipompita, akashuka majini na nguo zake, bila haraka na bila kusita, maji yakamfika kifuani wala hayakupanda zaidi. Akamshika mjukuu, akamnyanyua begani.

Alipoulizwa alijuaje kina cha mahali pale, alijibu, "Hapa pana jiwe pana. Nilipokuwa msichana tulianika nguo juu yake." Alisema kweli. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, likafunika mengi; baadaye lilishuka, na mvua kubwa za 2020 zikalijaza tena. Jiwe lilitoweka machoni, lakini halikutoweka katika kumbukumbu ya mtu aliyelikanyaga.

Baba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Nilishindwa."

"Hukushindwa wewe, mwanangu," bibi alisema huku akikamua kanga yake. "Nilikufundisha kuogopa, sikukufundisha kuogelea. Meli ile ilipakiwa watu kupita kiasi. Aliyeipakia si ziwa. Mimi nililikasirikia maji, nikawaacha ninyi bila ujuzi. Wafunze watoto hawa."

"Mimi mwenyewe sijui."

"Basi jifunze pamoja nao."

Mapenzi yakikosa maarifa huwa kama kamba: humzuia mtoto asianguke, na akiisha kuanguka humzuia asijiokoe. Mzazi aliyeumizwa ana haki ya kuonya. Lakini onyo lisilofuatwa na mafunzo humwacha mtoto na giza mahali palipohitaji taa.

Jua lilipoanza kushuka waliketi wote kukausha nguo juu ya majabali, kama zilivyokaushwa zamani. Bibi alikaa katikati, mjukuu mapajani, na uso wake ulielekea ziwani.