Vitu Tuli, Mwanga na Sitara

Lugha yetu imekwisha kupata jina la picha isiyotembea: picha mnato. Jina hilo huitenga na picha jongefu, ile ya filamu na video. Lakini picha ya chungu juu ya meza, au ya papai lililopasuliwa, ambayo mpigaji amekipanga kitu na kukitafutia mwanga wake kwa makusudi, bado haina jina moja tulilokubaliana. Waholanzi na Waingereza huiita kwa maneno yenye maana ya uhai uliotulia; Wafaransa huiita maumbile yaliyokufa. Ndugu msomaji, kati ya kutulia na kufa pana umbali mkubwa. Mimi nimechagua kuiita picha ya vitu tuli, kwa kuwa neno tuli tunalitumia tayari kwa maji yasiyotikisika na kwa mtoto aliyeambiwa akae asichezecheze. Maji tuli hayajafa, yamenyamaza tu.

Uchaguzi huo haukutokana na kamusi. Ulitokana na mgawanyo wa vyombo vya marehemu mama yetu, hapa Shanwe, katika Manispaa ya Mpanda. Ilipopita arobaini, sisi watoto wake watatu tulikubaliana kila mmoja achukue fungu lake. Dada alikuja kwa treni kutoka Tabora. Mdogo wetu yuko Muscat kikazi na hakupewa ruhusa; fungu lake lingengoja, ila aliomba apelekewe picha za vyombo vyote kabla havijatawanyika. Vyombo vingekwenda njia tatu, na mahali pekee ambapo vingebaki pamoja ni katika picha hizo. Nilikuwa na simu, meza moja, shuka jeupe, kadi mbili nyeupe za manila, kitambaa cheusi na juma moja la mwezi Julai.

Nilikuwa nimejifunza kwanza kwa kutazama kazi za waliotangulia. Mwaka 1844 Mwingereza William Henry Fox Talbot alianza kutoa kwa mafungu kitabu chake, The Pencil of Nature, kimojawapo cha vitabu vya mwanzo kabisa kubeba picha za kamera. Imo humo picha ya mlango ulio wazi, na ufagio umeegemezwa pale mlangoni. Hakuna mtu. Jua linakuja kwa ubavu, na giza la ndani ya nyumba limeachwa karibu lote kuwa giza. Enzi hizo kamera ilihitaji kunywa mwanga kwa muda mrefu, hivyo vitu visivyotikisika vilikuwa wanafunzi wake watiifu. Nilipoutazama ufagio ule niliuona kuwa ni chombo cha kazi kama vyombo vya mama, na kwamba mpigaji hakuupamba kwa lolote ila kwa upande wa jua.

Vitabu vya Ulaya humwelekeza mwanafunzi atafute dirisha la kaskazini, kwa sababu kwao jua hupita kusini, na dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga usio na miale. Sisi wa Mpanda tuko digrii 6 na ushei kusini ya Ikweta. Tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu la mchana huegemea kaskazini. Kwa hiyo mwezi Julai dirisha la kusini ndilo linalotulia kutwa nzima. Chumba cha mama kina dirisha la namna hiyo, lenye mbawa mbili za mbao. Ukifungua zote, mwanga huenea. Ukirudisha ubawa mmoja, mwanga hubanwa ukawa kama mfereji. Studio za mjini hununua taa na vizuizi vya chuma ili kupata kazi ifanywayo na mbawa zile.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuitamka. Chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa na karibu na kitu, kivuli huwa laini. Kikiwa kidogo au mbali, kivuli hukatwa kama kwa wembe. Ndiyo maana shuka jeupe likitandazwa dirishani penye jua, ukali wake huvunjika: shuka lenyewe limegeuka kuwa chanzo. Taa ndogo ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Kadi nyeupe upande wa pili hurudisha mwanga kidogo ndani ya kivuli. Kitambaa cheusi mahali pale pale huumeza, na kivuli kikazidi kukolea.

Lakini kila chombo kilidai njia yake. Chupa ya asali ya miombo, nyeusi kama kahawa ukiitazama kwa mbele, niliiweka kati yangu na dirisha; mwanga ulipopita ndani yake, ikawaka rangi ya kaharabu. Sufuria ilinifundisha kwamba chombo king'aacho hakipigwi picha chenyewe, bali hupigwa kile inachokitazama: ukiipa ukuta mchafu, itakuonyesha ukuta mchafu, ukiipa kadi nyeupe, itavaa weupe. Ungo ulitaka mwanga wa kuparaza, utambaao juu ya ukindu na kuinua kila msuko.

Kikabaki kibuyu. Kilipata ufa miaka mingi iliyopita, na mama alikishona kwa uzi wa katani, akaziba matundu kwa nta. Nilikigeuza mshono uje mbele. Dada, aliyekuwa akikunja khanga kitandani, aliinua uso.

"Mdogo wangu, mama alikuwa mtu wa sitara. Kila mgeni alipobisha hodi, kibuyu hiki alikigeuzia ukutani. Wewe leo unataka kukipeleka Muscat mshono ukiwa mbele?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa kuwa alilosema lilikuwa kweli. Kukishona kilikuwa kitendo cha mama. Kukigeuza nako kilikuwa kitendo chake. Picha iliyotii kimoja ingekana kingine. Nilijaribu mwanga wa mbele: mshono ulififia kama alivyotaka dada, lakini na mviringo wa kibuyu ukapotea nao, kikawa kama karatasi iliyokatwa. Nikarudisha ubawa mmoja wa dirisha, mwanga ukaja kwa ubavu, kisha nikakizungusha kibuyu kidogo kidogo hadi mshono ukaangukia pale mwanga unapoisha na kivuli kinapoanza. Kadi ya manila niliisogeza karibu kiasi cha kiganja, nikaiondoa, nikairudisha nusu. Pingili tatu za uzi zilionekana; zilizobaki ziliingia kivulini. Anayekijua kibuyu angeziona zote. Asiyekijua angeona kibuyu.

Dada aliishika simu kwa muda mrefu. Akasema tu, "Mtumie hii." Kibuyu kilikuwa katika fungu lake. Jioni alikifunga kwa khanga, mshono kwa ndani, akakitia kwenye mzigo wa Tabora.

Tangu siku hiyo neno kivuli nalisikia kwa namna nyingine. Kwetu kivuli ni mahali pa kukaa: tunamkaribisha mgeni kivulini, chini ya mwembe, kwa maana ya kumstarehesha. Anayejifunza kupanga mwanga huanza kwa kukiona kivuli kuwa adui wa kufukuzwa kwa taa ya pili na ya tatu. Lugha yake mwenyewe ingemwonya mapema kwamba kivuli husitiri, na kusitiri si kudanganya. Washairi wanalijua hilo. Beti nyingi husimama kwa lile lililoachwa bila kutajwa.

Napendekeza basi, pamoja na vitu tuli, tulipe kazi neno moja la zamani: utusitusi, kwa ule mpaka mwembamba ambapo mwanga haujaisha na kivuli hakijakamilika. Pale ndipo ulipolala mshono wa mama. Kama kwenu pana neno linalopashika vizuri zaidi, nitalipokea kwa mikono miwili.